Kipusa na Mkeka Wake: Uchambuzi wa Kisa cha Kumwandaa Mbwa kwa Picha za Studio

Kipusa ni mbwa jike wa miaka minne, mweusi tangu puani hadi ncha ya mkia isipokuwa doa jeupe kifuani, na ni mpole kiasi kwamba watoto wa nyumbani kwao humlalia ubavuni wanaposoma. Mama mwenye mbwa huyo alitaka picha moja nzuri ya kutundika ukutani, akalipia saa nzima ya studio, na dakika ishirini baadaye alikuwa nje akimbembeleza mbwa ambaye hakutaka hata kuukaribia mlango. Picha zilizopigwa zilikuwa 72, na hakuna iliyofaa. Mimi ni mkufunzi wa mbwa, nikaitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, kwa swali moja tu: je, huyu ni mbwa asiyefaa kupigwa picha?

Jibu sikulipata kwa kumtazama mbwa, bali kwa kuzitazama picha zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mfuatano zilivyopigwa. Watu wana haraka ya kufuta picha zilizoharibika, nami huwasihi wasizifute, kwa kuwa ndizo kumbukumbu pekee ya dakika ambayo mbwa alianza kushindwa. Katika picha tatu za kwanza masikio ya Kipusa yameelekea mbele na mdomo umefumba. Ana shaka na mahali pageni, lakini bado anadadisi. Ya nne ndiyo iliyopigwa kwa flashi ya nguvu kamili, na katika ya tano masikio yamekwisha kulala nyuma. Katika ya tisa ncha ya ulimi imegusa pua ilhali hakuna chakula karibu. Katika ya kumi na tano amegeuzia kichwa ukutani huku jicho likibaki kwa mpiga picha, hata weupe wake ukajitokeza pembeni kama mwezi mwandamo. Ya ishirini na tatu inaonyesha mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, na ya thelathini na moja inaonyesha mdomo wazi kabisa na ulimi umejikunja. Hiyo mama aliipenda, akidhani Kipusa anacheka. Ulikuwa mwayo, na mwayo wa mbwa aliyesimama katikati ya watu wanaomwita si kicheko wala si usingizi. Baada ya picha ya hamsini mkia hauonekani tena kwa sababu ameufyata, na sita za mwisho ni za mgongo unaoelekea mlangoni.

Mkufunzi wa Norway, Turid Rugaas, ndiye aliyezipa umaarufu ishara hizi za kulamba pua, kupiga miayo na kugeuza kichwa, akizieleza kuwa ni njia ya mbwa ya kujituliza na kumtuliza anayemkabili. Si lazima mtu akubaliane na kila tafsiri yake ili aone kilichotokea hapa. Kipusa alisema mara tano, kwa adabu, kwamba ameelemewa, na mara zote tano alijibiwa kwa flashi nyingine.

Nilipoulizia asubuhi ya siku hiyo, mama alinieleza kwa fahari jinsi alivyomwandaa, na hapo ndipo nilipoona kisa chote. Alimwamsha alfajiri akamwogesha kwa sabuni yake mwenyewe yenye manukato, akamkausha kwa mashine ya kukaushia nywele ambayo Kipusa hakuwahi kuisikia karibu hivyo, kisha akamkata kucha. Ukucha mmoja wa mguu wa kulia ulikatwa hadi kwenye nyama, ukatoa damu. Hakumpa chakula tangu jioni iliyotangulia, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba mbwa mwenye njaa hutii zaidi. Akamvalisha mkanda mpya wa shingoni wenye njuga, akampakia garini pamoja na watoto wawili waliochangamka kupita kiasi, wakaenda. Studioni sakafu ilikuwa laini ya kuteleza, na juu yake ilitandazwa karatasi ya mandhari, zile roli pana za mita 2.72, ambayo hutoa mlio wa kukwaruza kila kucha inapoigusa. Watoto walisimama kushoto, mama kulia, mpiga picha akapiga magoti nusu mita mbele ya pua ya mbwa, na wote wanne wakaanza kuita jina moja kwa wakati mmoja.

Ukilichukua kila jambo peke yake, Kipusa angelistahimili. Lakini mbwa habebi mashaka moja baada ya jingine kama mtu anayepokea wageni mlangoni; hubeba yote kwa pamoja, na lile la mwisho, hata liwe dogo, ndilo linalolaumiwa. Mpiga picha aliilaumu flashi, na mama alimlaumu mpiga picha. Mimi naona kwamba kosa lilianza kwenye beseni la kuogea, kwa sababu maandalizi yote yalimlenga mbwa atakavyoonekana, na hakuna hata moja lililomlenga mbwa atakavyojisikia. Tena yaliitumia subira yake yote kabla hajafika mahali alipoihitaji.

Hapa inafaa kueleza mambo mawili ambayo mwenye mbwa hawezi kuyaona kwa urahisi kwa kuwa hayamsumbui yeye. La kwanza ni sauti. Sikio la binadamu kijana huishia kwenye mitetemo ya karibu 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa hufika kwenye 45,000 hivi, na flashi za studio, zinapojichaji baada ya kila mmweko, hutoa mlio mwembamba ambao sisi husikia kwa mbali au hatuusikii kabisa. La pili ni jicho la lenzi. Mbwa asiyezoea kukodolewa macho hulitafsiri jicho kubwa, jeusi, lisilopepesa na linalomsogelea kama tishio, na mpiga picha anayetumia lenzi fupi, ile inayoonyesha eneo pana, hana budi kumsogelea. Lenzi hiyo hiyo, kwa umbali huo, huikuza pua na kuidunisha sura, kwa hiyo anayemtisha mbwa kwa ukaribu huo hapati hata picha nzuri ya kumfidia.

Nilimshauri mama aahirishe kwa wiki tatu, naye akaniuliza, «Mwalimu, kwani hakuna kidonge cha kumtuliza tukamaliza Jumamosi?» Swali hilo huulizwa mara nyingi, na si la kijinga. Nilimjibu kwamba dawa ya namna hiyo ni uamuzi wa daktari wa mifugo peke yake, kwamba baadhi ya dawa huulegeza mwili bila kuigusa hofu yenyewe, na kwamba hata ikifanya kazi, kope za mbwa aliyelegezwa huning'inia, macho yakawa ya mbwa mwingine. Alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Wiki ya kwanza kamera haikutajwa. Tulichofundisha ni mkeka. Nilichagua mkeka mdogo wa bafuni wenye mpira upande wa chini ili usiteleze, wa sentimita 60 kwa 90, na Kipusa hakupewa amri yoyote juu yake. Mama aliutandaza sebuleni, na kila mguu wa mbwa ulipoukanyaga, kipande cha nyama kilidondoka juu ya mkeka, si mkononi, ili thamani iwe ya mahali na si ya mtu. Siku ya pili Kipusa alikuwa anaukanyaga kwa makusudi na kusimama akimtazama mama. Siku ya tatu nyama ilichelewa sekunde chache, naye, kwa kuchoka kungoja, akakaa. Siku ya nne akalala. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kurefusha muda, sekunde tano, kumi, thelathini, na ilipofika siku ya saba aliweza kubaki dakika mbili huku mama akimzunguka, akiinama na kuinuka. Wiki iliyofuata mkeka ulihamishwa kila siku: jikoni, barazani, uani kwa jirani, nyuma ya gari. Kinachotafutwa hapa si utii. Ni mbwa kuwa na kipande cha nyumbani kinachokunjika na kubebeka, ili atakapoingia mahali pasipo na kitu anachokijua, awe na sentimita 60 kwa 90 anazozijua vizuri.

Wiki ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu, na tulikosea ndani yake. Lengo lilikuwa mlio wa kamera na mmweko wa flashi viwe habari njema. Tulianza na mlio wa kamera ya simu ukitoka chumba cha pili, kisha chumba kile kile, kisha kamera halisi, na Kipusa hakuona tatizo. Flashi tuliianza mchana kweupe, kwa nguvu ndogo kuliko zote, umbali wa mita tano, ikielekezwa ukutani. Kanuni niliyomwachia mama ilikuwa fupi: mmweko kwanza, nyama baadaye, ndani ya sekunde moja au mbili. Siku ya pili alinipigia simu kuniambia kwamba Kipusa ameanza kuikataa hata nyama anayoipenda. Nilikwenda nikamtazama akifanya zoezi, na kosa likaonekana mara moja: alikuwa anamwonyesha nyama ili atulie, halafu ndipo anawasha flashi.

Mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov, ambaye Tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1904 ilihusu umeng'enyaji wa chakula na wala si mafunzo ya mbwa, alionyesha kwamba kinachotangulia ndicho kinachobeba habari ya kinachofuata. Mmweko ukitangulia nyama, mmweko huwa ahadi ya nyama. Nyama ikitangulia mmweko, nyama huwa onyo. Vitu ni vile vile, mbwa ni yule yule, tofauti ni sekunde moja, na katika siku mbili tulikuwa tumemfundisha Kipusa kukiogopa chakula chake. Tulipumzika siku nzima, tukarudi mita nane nyuma, tukaanza upya kwa mpangilio sahihi. Baada ya siku nne alikuwa na tabia niliyoisubiri: mmweko ukitokea, hakutazama flashi, alitazama mkono wa mama. Katika siku zote hizo kipimo chetu kilikuwa kimoja, nami nakipendekeza kuliko kifaa chochote: mbwa anayekataa chakula anachokipenda yuko karibu mno na kile anachokihofia, basi rudi nyuma.

Hapa huwa nawakumbuka watu wanaoniletea picha za William Wegman, mpiga picha wa Marekani, wakisema wanataka mbwa wao atulie kama wale. Wegman alimpata mbwa wake wa kwanza, Man Ray, mwaka 1970, akaanza kumpiga picha angali mtoto, na akaendelea naye hadi mbwa huyo alipokufa mwaka 1982. Utulivu unaoonekana katika picha zile ni wa mbwa ambaye kamera ilikuwa sehemu ya maisha yake ya kila siku. Wiki tatu haziwezi kununua hayo. Zinaweza tu kumfikisha mbwa mahali ambapo hakimbii.

Wiki ya tatu ilikuwa ya usafi na ya ziara moja. Kucha zilikatwa siku tano kabla, kidogo kidogo. Manyoya yalichanwa kabla ya kuoga, kwa kuwa mafundo yakilowana hukaza, na kuoga kwenyewe kulifanyika siku mbili kabla, kwa sabuni ya mbwa, kisha akasuuzwa mpaka maji yakatoka safi; siku mbili hizo huyapa manyoya nafasi ya kurudisha mafuta yake na kulala vizuri, jambo ambalo juu ya mbwa mweusi huonekana kama tofauti kati ya vumbi na mng'ao. Asubuhi ya siku yenyewe alifutwa tongo kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, basi. Mkanda wa shingoni ulivuliwa saa moja kabla ya picha ili alama yake kwenye manyoya ipotee.

Ziara ya studio ilifanyika siku nne kabla, na haikupigwa picha hata moja. Mpiga picha, ambaye sasa alikuwa mwingine, alikubali kutupa robo saa kabla ya kazi zake. Kipusa alinusa, mkeka ukatandazwa, alikula vipande kumi vya nyama juu yake, tukaondoka. Wengine huona kwamba ziara kama hiyo ni kupoteza muda wa watu. Mimi naiona kuwa robo saa yenye faida kuliko zote, kwa sababu siku ya picha mbwa haingii tena mahali pageni. Anarudi mahali alipokula.

Katika ziara hiyo nami nilifanya kosa langu. Nilikuwa nimemwonya mama atunze sauti moja ambayo Kipusa hajawahi kuisikia, mpira mdogo wa kufinya unaolia, kwa ajili ya ile nusu sekunde ambayo mbwa huinua masikio na kuinamisha kichwa upande. Kisha mimi mwenyewe, kwa kutaka kuhakikisha unalia sawasawa, niliufinya mara tatu mbele yake. Mara ya kwanza aliinamisha kichwa vizuri ajabu. Mara ya pili aliinua sikio moja. Mara ya tatu aliendelea kunusa. Sauti ya namna hiyo ni kama kiberiti, kijiti kikishawaka hakiwaki tena, na mimi nilikichoma mbele ya mtu asiye na kamera mkononi.

Siku ya picha tulichagua saa ambayo kwa kawaida Kipusa hulala mchana. Alikuwa amekula nusu ya chakula chake cha asubuhi saa tatu kabla, ili asiwe na njaa ya kumsumbua wala shibe ya kumfanya aidharau nyama. Alitembezwa dakika ishirini kwa mwendo wa kawaida, kisha akapumzika nusu saa, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kutweta, na mbwa anayetweta hutoa ulimi mrefu unaofunika nusu ya kidevu. Nyama ilikatwa vipande vya ukubwa wa punje ya harage, laini na isiyomeguka, kwa sababu makombo ya biskuti juu ya midomo myeusi huonekana kama nyota. Watoto walibaki nyumbani, kwa machozi. Sauti ya kumwita ilikuwa moja, ya mama, naye alisimama nyuma kabisa ya mpiga picha, kichwa chake kikiwa juu kidogo ya lenzi, kwa kuwa mbwa hutazama alipo mtu wake, na macho yakielekea huko ndiko picha inakoelekea.

Mkeka ukatandazwa, na Kipusa akakataa kulala. Aliunusa pembe hadi pembe, akauzunguka, akasimama kando yake akiutazama kama mtu aliyepewa kiatu kisicho chake. Nilimtazama mama, naye akaelewa kabla sijauliza: jana yake alikuwa ameufua, kwa sabuni ya unga yenye manukato, ili usije ukaaibisha picha. Macho yetu yaliona mkeka ule ule, safi zaidi, lakini pua ya Kipusa ilikuwa imeletewa mkeka mwingine. Hatukumlazimisha. Mama alivua sweta aliyoivaa tangu asubuhi, akaitandaza juu ya mkeka, akaketi sakafuni kando yake bila kusema kitu. Ilichukua dakika sita. Alipolala, tuliivuta sweta polepole hadi ukingoni, nje ya fremu, mahali ambapo pua yake iliweza bado kuifikia.

Mpiga picha huyu wa pili alifanya mambo ambayo nayahesabu kuwa nusu ya mafanikio. Alilala kifudifudi ili lenzi iwe kimo cha macho ya mbwa, akatumia lenzi ndefu akiwa mita tatu mbali, na flashi akaiweka pembeni badala ya juu ya kamera. Nyuma ya retina ya mbwa kuna tabaka linalorudisha mwanga ulikotoka, na flashi iliyo karibu na lenzi huyageuza macho kuwa taa za kijani, jambo lililoharibu picha nyingi za awali hata kabla ya hofu kuziharibu. Mwanga wa pembeni pia ndio unaochora umbo la mbwa mweusi; ukimmulika kutoka mbele, unabaki na kivuli chenye macho. Hakuiachia kamera ijipimie mwanga yenyewe, kwa kuwa kamera huchukulia kwamba kila kitu kina wastani wa kijivu, na mbwa mweusi akijaa kwenye fremu humpausha. Tundu la lenzi aliliweka f/8, yaani dogo, ili vilivyo karibu na vilivyo mbali vikolee pamoja, maana kwa f/2.8, ambalo ni tundu kubwa, macho yangekolea na pua ingefifia, na pua ya Kipusa ni ndefu.

Tulifanya kazi dakika kumi na mbili. Kipusa alipolamba pua mara mbili mfululizo nilisema basi, ingawa mpiga picha alikuwa ndiyo kwanza amenogewa, tukampeleka nje akanusa majani na kunywa maji, tukamfuta kidevu, tukarudi kwa dakika kumi zaidi. Mpira wa kufinya ulitolewa mara moja, katikati ya kipindi cha pili, na kama nilivyostahili, uliinua sikio moja tu. Sikio hilo moja limo katika picha ambayo mama aliichagua, na anadai ndilo lililomfanya aichague. Mimi sijamweleza kwamba lilitakiwa kuwa kichwa kizima.

Picha zilikuwa 58, na 19 kati yake zingeweza kutundikwa. Taa zilipokuwa zinafungwa Kipusa alikuwa bado juu ya mkeka wake, kidevu juu ya sweta, usingizi umemchukua. Mpiga picha, akiijaribu flashi moja kabla ya kuizima, aliiwasha, mmweko ukapiga ukutani. Kipusa alifumbua jicho moja, akautafuta mkono wa mama, na kwa kuwa mkono ulikuwa mtupu, alilifumba tena.